UZI: Askofu wa baiskeli. Safari ya Festo Kivengere, na uamsho ambao haukuwa na mabango

#1 | Mzee wa Hombolo

Wakuu, Bwana asifiwe. Kwa wasiotumia salamu hiyo, habari za jioni.

Jukwaa hili siku hizi limekuwa ukuta wa mabango. Kila nikifungua nakuta tangazo la "uamsho mkubwa", picha ya mtumishi ameshika kipaza sauti, jasho linamtiririka, na chini namba ya kutuma sadaka. Sina ugomvi na mtu. Ila neno hilo uamsho nimelisikia tangu utoto, na kwa wazee wetu lilikuwa na maana nyingine kabisa. Uamsho ilikuwa ni jirani kukubishia hodi alfajiri akiwa na jembe alilokuibia miaka mitatu iliyopita, amekuja kulirudisha.

Nataka niwasimulie mtu mmoja aliyepitia moto huo, Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi kule Uganda. Vijana wengi hawamjui. Sisi wa Dodoma tuliokulia Anglikana jina lake tumelisikia nyumbani, kwa sababu kabla hajawa askofu wa mtu yeyote alikuwa mwalimu hapa hapa kwetu. Alikuja Tanganyika mwaka 1946 pamoja na mkewe Mera, akakaa zaidi ya miaka kumi. Mganda kuja kuwa mmisionari Ugogoni, tena kipindi ambacho watu walidhani mmisionari lazima awe na ngozi nyeupe!

Nitaandika kwa vipande, natumia simu na macho si yale ya zamani. Msinikatize. Najua mtanikatiza.

Alizaliwa 1919 huko Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji. Utoto wake ni ng'ombe. Shule ya misheni ikafika, akajua kusoma, akapanda hadi chuo cha Mukono kusomea ualimu. Na hapa ndipo kisa kinaponoga: aliondoka nyumbani na imani, akarudi mwalimu bila imani. Alikuwa na mshahara, baiskeli, kupenda pombe, na hasira na Wazungu. Kijana msomi, wa kijiji kizima, hana wa kumwambia kitu.

Akarudi kufundisha kwao, akakuta kijiji kimewaka.

#2 | Fundi Redio

Naweka kambi hapa. Shusha mzee.

#3 | Kifaranga_jr

Mzee shikamoo. Kabla hujaenda mbali, kijiji kimewaka nini? Huo moto ulitoka wapi? Sisi wengine tumeokoka juzi kwenye hema, historia hatuna.

#4 | Mzee wa Hombolo

Marahaba. Nilisema mtanikatiza.

Rudi 1929. Kulikuwa na daktari Mwingereza, Joe Church, akihudumu Gahini, mashariki ya Ruanda. Njaa kali ilikuwa imeipiga nchi, yeye mwenyewe amechoka mwili na roho, kakauka. Akaenda Kampala kupumzika. Pale Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Anglikana, akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye cheo na mali kiasi chake, naye ana kiu ileile. Wakakaa na Biblia zao wakifuatilia habari za Roho Mtakatifu. Watafiti wengi wakitafuta chanzo cha Uamsho wa Afrika Mashariki wanaanzia hapo: watu wawili waliochoka, mweusi na mweupe, wanaambiana ukweli. Kwa mwaka 1929 hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa Gahini akifundisha. Huyu ndiye aliyebeba neno "zukuka", amka kwa Kiganda. Alipokwenda Kampala Januari 1936 kusema mbele ya sinodi, alikuwa na maswali ambayo yangeulizwa leo mngesema ni ya leo: kwa nini Kanisa limepoa, na kwa nini watu wanaojulikana kuishi dhambini wanafika meza ya Bwana bila kuulizwa. Hakuwahi kuyasema. Homa ya papasi ilimuua kabla sinodi haijakaa. Ujumbe ukasomwa na wengine.

Kuanzia hapo moto ukaruka Kigezi, Buganda, Kenya, Bukoba, mpaka kwetu huku. Waliookoka wakaitwa Balokole. Wimbo wao ulikuwa Tukutendereza, na mpaka leo mzee wa uamsho wa Kiluo, Kikikuyu au Kihaya utamtambua kwa huo, hata kama Kiganda chenyewe hajui.

Na wasidhani Kanisa liliwafurahia. 1941 pale Mukono, chuo kilekile alichosoma Kivengere, wanafunzi 26 walifukuzwa. Kosa lao kubwa ni kuamka kabla ya kupambazuka kusali na kuimba, na kuwaambia wakubwa wao kwamba mafundisho yamepoa. Uamsho ulianza kwa kuwakera maaskofu. Mtu asije kuniambia ulikuwa mradi wa ofisi.

#5 | Mzee wa Hombolo

Naendelea.

Sasa mwalimu wetu msomi anarudi kijijini, anakuta shangazi, wajomba na wadogo zake wanakusanyika usiku, wanalia, wanacheka, wanarudisha ng'ombe na fedha za watu. Alichukia. Vipi uanike siri zako kama kanga uani?

Siku moja ya Jumapili, mwaka huohuo wa 1941, binti mmoja wa ukoo wao alisimama kanisani akasema Mungu amemhakikishia kuwa Festo atamrudia Yeye siku hiyo. Mbele ya watu! Mwalimu akatoka amefura, akaenda kunywa ili kuupoza uchungu. Jioni anarudi na baiskeli yake, akakutana njiani na rafiki yake, mwalimu mwenzake, anakuja mbio uso unang'aa. Rafiki hakumhubiria. Alisimama, akamwambia kwamba Yesu amekuwa hai kwake, kisha akamwomba radhi kwa mambo waliyokuwa wakiyafanya pamoja, akiyataja moja moja. Akapanda baiskeli yake akaondoka akiimba, akamwacha mwenziwe barabarani kama amepigwa na radi.

Mimi hapo ndipo huwa nasimama. Kama yule rafiki angemshika bega na kumwambia "tubu", mwalimu angekuwa na majibu kumi ya kisomi. Lakini mtu akikuomba radhi wewe, kwa dhambi mliyoifanya wote wawili, unajibu nini?

Alifika nyumbani, akapiga magoti. Alisimulia baadaye kwamba aliuona msalaba kana kwamba tukio liko mbele yake, na Yule aliye juu yake anamwambia kwamba hivi ndivyo anavyompenda.

Haya, sasa baiskeli. Kuna Mwingereza mmoja aliyekuwa akimchukia. Moyo ukaanza kumsuta: yule naye ni ndugu yako, nenda. Alikuwa mbali, maili 50, na mnaoijua Kigezi mnajua ile si nchi ya baiskeli, ni milima kupanda na kushuka. Alikwenda. Akafika, akamweleza Mzungu kwamba alikuwa akimchukia na sasa amekuja kuomba msamaha. Walikumbatiana na kulia wote wawili, Mwafrika na bwana mkubwa, chini ya bendera ya mkoloni.

Huo ndio uamsho niliokua nikiusikia. Haukuwa na jukwaa. Ulikuwa na baiskeli.

#6 | Mtoza Ushuru

Mzee unaandika vizuri, lakini ngoja nikutie mchanga kidogo kwenye kitumbua.

Hayo ya kuungama hadharani mimi nimeyaishi. Nilikuwa kwenye ushirika mmoja, sitaji, tukiambiwa "tembea nuruni ndugu, weka yote nuruni". Nikaweka. Wiki haijaisha mambo yangu yako sokoni, na mama mkwe amenipigia simu. Aliyesimama akaniongoza kwenye maombi ya kunisafisha ndiye aliyeyatoa. Toka siku hiyo nikisikia mtu anasema "kuvunjika", yaani kunyenyekea na kuungama, mimi natafuta mlango.

Kwa hiyo baiskeli sawa, lakini uamsho wenu huo pia ulizaa polisi wa dhambi za watu.

#7 | Fundi Redio

Mtoza Ushuru umegonga ikulu 😂

#8 | Mzee wa Hombolo

Mtoza Ushuru, pole sana. Sikupingi, na sitakupamba kwa maneno.

Hilo lilitokea hata kwao, mapema tu. Miaka ya 60 kulizuka kundi la Yona Mondo kule Uganda, waliojiita walioamka upya. Waliona ndugu wamepoa, wakaanza kupima uzima wa mtu kwa vitu vya nje. Kukopa fedha ikawa dhambi, mavazi yakapimwa. Ndugu waliokula sahani moja kwa miaka wakaacha kusalimiana. Kitu kilichoanza kwa mtu kujichungulia mwenyewe kikageuka kuwa darubini ya kumchungulia jirani.

Tofauti ninayoiona kwa Kivengere, na ndiyo iliyonifanya niandike, ni kwamba yeye habari zake za kuungama karibu zote ni za kujianika MWENYEWE, tena akiwa amekwishakuwa mtu mkubwa. Mfano: alikuwa akisafiri kuhubiri na William Nagenda, mmoja wa wale 26 wa Mukono, mhubiri moto kweli. Watu wakimsifu Nagenda, Kivengere moyoni anaungua. Akaanza kumtafutia makosa. Wivu wa madhabahuni huo, mnaujua. Mwisho alimwendea akamwambia: ndugu yangu, nimekuonea wivu, nisamehe. Kisha Nagenda akapanda kuhubiri na yeye akabaki kumwombea.

Askofu gani leo atasimulia hilo mbele ya waumini wake? Wengine ukiwasogelea tu unazuiwa na walinzi.

#9 | Mama Tumaini

Shikamoo Mzee wa Hombolo. Umeruka kisa cha jikoni! Sisi akina mama ndicho tunachokipenda kuliko baiskeli.

Kinasimuliwa hivi. Alikuwa aende kuhubiri, kabla ya kutoka wakakwaruzana na Mera. Akachukua Biblia yake akaelekea mlangoni. Moyoni akasikia aambiwa rudi ukapatane na mkeo. Akajitetea: Bwana, nimebakiza dakika chache, watu wananisubiri. Akajibiwa: haya, wewe nenda ukahubiri, mimi nitabaki jikoni na mkeo. 😂 Alirudi jikoni mbio.

Nikiwafundisha wanandoa hiki ndicho cha kwanza. Wanaume wanacheka, halafu ghafla wananyamaza.

Na usisahau Desemba 1983. Aliwabariki wanawake watatu kuwa makasisi pale Kabale, mji wa Kigezi, wakati Kanisa la Uganda kwa ujumla lilikuwa halijafika huko. Alilaumiwa sana. Sasa mtu akiniambia uamsho ni mambo ya zamani ya kukataza, namwonyesha hilo. Wanawake walikuwa wakihubiri na kushuhudia kwenye ushirika tangu miaka ya 30, wazee wanawasikiliza, roho za watu zinaponywa. Yeye aliona tu kwamba kilichokuwa kikifanyika chini ya mti kinaweza kufanyika pia mbele ya madhabahu.

#10 | Mzee wa Hombolo

Marahaba mama. Asante, nilikuwa nakihifadhi cha jikoni ukaninyang'anya.

#11 | Abuu Rashid

Assalam alaykum ndugu zangu, mimi ni Mwislamu, napita tu kusoma. Uzi mzuri, hauna matusi, jambo adimu humu.

Nina swali. Huyu askofu ndiye aliyeandika kitabu kusema anampenda Idi Amin? Nilikiona jalada lake zamani kwenye duka la vitabu vilivyotumika nikadhani ni cha mpambe wa serikali. Amin aliua Wakristo, aliua na Waislamu, aliua yeyote. Mtu anampendaje? Au ni mambo ya kichwa cha habari tu?

#12 | Mzee wa Hombolo

Wa alaykum salaam Abuu Rashid. Ndiye. Ngoja nianze mbali kidogo.

Baada ya Dodoma alipitia mengi kwa haraka: mwaka 1960 Billy Graham alipozunguka Afrika na kuhubiri Moshi, aliyegeuza maneno yake kuwa Kiswahili ni huyu huyu, Kiswahili alichokipata kwetu. Akaenda kusoma theolojia Pittsburgh, Marekani, akawa kasisi akiwa amekaribia miaka 50. Desemba 1972 akawekwa wakfu kuwa askofu wa Kigezi. Angalia tarehe. Amin ana karibu miaka miwili madarakani, na wiki chache nyuma amemaliza kuwafukuza Waasia.

Hajamaliza hata miezi mitatu kitini, tarehe 10 Februari 1973, serikali ikaamuru watu wapigwe risasi hadharani katika miji mbalimbali. Kabale waliletwa vijana watatu. Uwanja wa mpira umejaa maelfu, wameamriwa kuja kutazama. Askofu mpya akaenda uwanjani, akaomba ruhusa kwa maofisa azungumze na watu hao kabla ya kufa. Akaruhusiwa.

Akawaendea kutoka nyuma yao, akifikiri atasema nini. Utamwambia nini mtu aliyebakiza dakika? Walipogeuka, kwa maelezo yake, nyuso zilikuwa zinang'aa. Kabla hajafungua mdomo, mmoja akamshukuru kwa kuja, akamwambia kwamba gerezani amempokea Kristo, amesamehewa, na akamwomba amfikishie mkewe ujumbe asihuzunike. Wenzake wakasema vivyo hivyo, mikono ikiwa na pingu wameiinua. Askofu akawatafsiria askari waliokuwa pale, kwa sababu vijana walikuwa wanaongea lugha ya kwao. Anasema askari walipigwa na butwaa hata wakasahau kuwafunika nyuso. Wakapigwa risasi wakiwa wanapunga mikono yenye pingu kwa watu.

Yeye alikwenda kuwafariji wafungwa, wafungwa wakamfariji yeye.

Halafu 1977. Kanisa la Uganda lilikuwa linajiandaa kutimiza miaka 100 mwezi Juni. Februari 5 usiku askari walivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum wakitafuta silaha. Maaskofu, Kivengere akiwemo, wakamwandikia Amin barua kali kulalamikia mauaji na uvunjaji wa haki. Hiyo ni barua ya watu wanaojua kinachowasubiri. Februari 16 wakaitwa Kampala, wakasimamishwa juani mbele ya wanajeshi wanaopiga kelele wauawe. Baadaye wakaambiwa nendeni, isipokuwa Luwum. Kivengere na Askofu Silvanus Wani walikataa kuondoka, wakamsubiri kwenye gari mpaka jioni, hadi walipofukuzwa kwa mtutu. Kesho yake redio ikatangaza ajali ya gari: Luwum na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi, wamekufa. Hakuna aliyeamini.

Siku chache baadaye Kivengere alirudi Kabale, akakuta askari wameshamwulizia. Ndugu wakamwambia ondoka, askofu mmoja aliyekufa anatosha. Usiku huo yeye na Mera wakapanda milima kwa miguu mpaka Ruanda.

Sasa jibu lako, Abuu Rashid. Alifika Uingereza na kinyongo. Anasimulia kwamba moyo ulianza kukakamaa, hata mahubiri yakawa makavu. Ijumaa Kuu ile ya 1977 alikaa kanisani London, All Souls, likasomwa lile neno la Yesu msalabani la kuwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha. Akajiuliza: kama Amin angekuwa ndiye ameshika nyundo siku ile, ningemwomba Yesu amtoe kwenye sala hiyo? Akaona hawezi. Kitabu kilitoka mwaka huohuo. Jina lake halikuwa la kuuzia tu. Lilikuwa ni ile baiskeli tena, ila safari hii kilima kilikuwa kikubwa zaidi.

#13 | Binti Kagera

Samahani wazee wangu, nimekaa kimya nikisoma, sasa siwezi.

Mimi ni wa Kyaka. Oktoba 1978 majeshi ya huyo Amin yalivuka mpaka yakaingia kwetu. Daraja la Kyaka likavunjwa. Bibi yangu alipoteza watu, ng'ombe, nyumba. Mpaka anafariki jina la Amin halikutajwa ndani ya nyumba yake. Ukilitaja anatoka nje. Na alikuwa Mlutheri wa uamsho, mwanaushirika wa miaka mingi, anaimba Tukutendereza mpaka machozi.

Kusamehe ukiwa London, umekaa kwenye benchi la mbao lililong'arishwa, ni kitu kimoja. Bibi alikuwa Kyaka. Sijui kama askofu huyo alifikiria watu kama bibi.

#14 | Mtoza Ushuru

Binti Kagera umesema.

#15 | Abuu Rashid

Allah amrehemu bibi yako.

#16 | Mzee wa Hombolo

Binti Kagera, nimekaa na ujumbe wako tangu jana. Nilianza kujibu mara mbili nikafuta.

Bibi yako hakuwa na deni la kunilipa mimi wala askofu yeyote. Nitasema mawili tu. La kwanza, Kivengere hakumpoteza mtu kwa mbali. Luwum alikuwa rafiki yake, wameokoka katika uamsho uleule, alimwacha ndani ya jengo lile akiwa hai. La pili, kusamehe kwake hakukuwa kunyamaza. Alizunguka dunia akieleza wazi yanayotokea Uganda, akawatafutia masomo wanafunzi wakimbizi waliotawanyika. Amin alipoanguka 1979 alirudi, na aliyoyakuta ni watu wenye hamu ya kulipiza. Akawaambia maneno ambayo hayakupendwa na wengi: tukilipiza tutakuwa tumemwondoa mtu tukabakiza roho yake.

Na kuna kitu cha Namirembe nilikuwa nimekusudia kukiandika, acha nikiweke hapa. Serikali ilikataa kutoa mwili wa Luwum. Ulikuwa umepelekwa Mucwini kwao, kaskazini, ukazikwa huko. Namirembe kaburi lilikuwa limekwishachimbwa karibu na la Askofu Hannington, aliyeuawa 1885. Jumapili ile watu walijaa ingawa ibada ya kumbukumbu ilipigwa marufuku. Baadaye wakatoka wakalizunguka lile shimo tupu. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti, naye mlokole wa zamani, akawakumbusha maneno ya malaika kaburini: hayupo hapa. Watu wakaanza kuimba. Siku hizi Februari 16 ni sikukuu ya taifa Uganda.

Bibi akitoka nje ya nyumba kila jina likitajwa, labda alikuwa anakwenda kuongea na Mungu huko nje. Hatujui.

#17 | Binti Kagera

Asante babu. Alikuwa akienda kwenye migomba. Ndiyo, nadhani alikuwa anasali.

#18 | Kifaranga_jr

Mzee nimejifunza. Sasa tumalizie: yeye alitegemea nini kwa Kanisa? Maana sisi tunaambiwa kizazi chetu kitaona uamsho wa mwisho, viwanja vitajaa n.k.

#19 | Mzee wa Hombolo

Viwanja alivijaza, usidhani alikuwa anavidharau. Alihubiri mabara mengi, mwaka 1974 alisimama Lausanne, Uswisi, mbele ya viongozi wa Kikristo kutoka karibu dunia nzima akazungumzia msalaba. Lakini tumaini lake, nikilisoma kwa maisha yake, lilikuwa dogo kwa umbo: kwamba Kanisa litaamka pale aliye juu atakapokubali kuwa wa kwanza kushuka. Askofu kabla ya kasisi, kasisi kabla ya mzee wa kanisa, mume kabla ya mke. Leo tumepindua. Toba tunaiagiza kwa waumini, na sisi tunapokea ripoti.

Alikufa Nairobi Mei 18, 1988, kwa saratani ya damu. Amezikwa Kabale.

#20 | Mtoza Ushuru

Mzee wa Hombolo, kwa heshima. Umesema "mzee wa kanisa". Nimesoma nyuzi zako za nyuma, wewe ni mzee wa kanisa. Toka #1 umeungama dhambi za Kivengere, za Nagenda, za Yona Mondo, za maaskofu wa mabango. Zako?

#21 | Fundi Redio

Hapo pagumu.

#22 | Mzee wa Hombolo

Nilijua itafika.

Miaka miwili iliyopita kwenye kamati yetu ya ujenzi fedha za saruji hazikuonekana hesabu zake. Nilisimama kikaoni nikasema maneno. Sikumtaja mtu, lakini kila mmoja alijua namsema mtunza hazina, rafiki yangu wa tangu shule. Aliacha kuja. Akahamia Kongwa kwa mwanawe. Miezi minne baadaye nikapanga makaratasi ya sanduku la kanisa, risiti zote zikawa pale, zimeshikana na daftari la ubatizo. Kila shilingi. Sikuzipeleka kikaoni. Nilijiambia mambo yamepoa, nikiyafukua nitaleta fitina.

Nilianza uzi huu siku tatu baada ya kusikia kwamba anaumwa miguu, hatembei vizuri. Nadhani nilitaka kuandika habari za baiskeli ya mtu mwingine ili nisipande ya kwangu.

Kongwa kutoka hapa, nimeangalia, haipishani sana na zile maili 50.

#23 | Mama Tumaini

Nenda baba. Na risiti ubebe.

#24 | Mtoza Ushuru

Sikukusudia kukuaibisha mzee wangu. Nisamehe. Nenda.

#25 | Kifaranga_jr

Mzee utupe mrejesho.

#26 | Mzee wa Hombolo

Mrejesho wa Jumamosi.

Nimepanda gari asubuhi, nimeshuka Mbande, nikachukua bodaboda hadi kwake. Hakuwepo. Wamempeleka msibani, anarudi Jumanne. Mkewe alinikaribisha chai, tukaongea habari za mvua na wajukuu. Nilikuwa na bahasha ya risiti mfukoni, sikuitoa. Niliona haki yake ni kuipokea yeye, mbele yangu, na kikao nacho nitakieleza mwenyewe Jumapili ijayo.

Nikaaga. Akanisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza, "Shemeji, nimwambie ulikuja kwa neno gani?"

Nikamwambia nitarudi Jumatano.

Sasa niko kituoni Mbande nasubiri gari.